Hidaya ya Mwalimu Isiwe Mzigo wa Mzazi

Barua ya wazi kwa kamati za wazazi

Tanga, mwezi wa Septemba

Waheshimiwa wenyeviti, makatibu na watunza hazina wa kamati za wazazi za madarasa,

Nimeona ni wajibu kuwaandikia hadharani, ninyi mnaofanya kazi isiyo na ujira na aghalabu isiyo na ahsante, juu ya jambo lililomo mikononi mwenu zaidi kuliko lilivyomo mikononi mwa serikali au mwa wakuu wa shule, nalo ni hidaya tunazowapa walimu wa watoto wetu. Majira yake yamewadia. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Haupiti muda mrefu huja kufunga mwaka wa masomo, kisha Krismasi na Mwaka Mpya. Na Idd zetu mbili, ambazo hufuata mwezi mwandamo na kwa hiyo huzunguka katika kila majira, nazo zina haki yake. Katika siku hizo simu ya mzazi haitulii kwa jumbe za michango, na mzazi mwenye watoto watatu katika madarasa matatu huandikiwa na kamati tatu, kila moja ikitaka fungu lake kana kwamba hakuna nyingine.

Ombi langu ni moja, ijapokuwa maelezo yake yatakuwa marefu: kiasi cha mchango kikadiriwe kwa uwezo wa mzazi aliye mnyonge kuliko wote darasani, majina ya waliotoa na mafungu yao yasitangazwe, na hidaya itolewe kwa jina la watoto wote pamoja, baada ya kazi kutendeka na si kabla yake.

Sisemi haya kwa kuidharau hidaya. Nimesomesha shule za msingi mpaka nilipostaafu, na sasa nimo katika makundi ya wazazi kwa ajili ya wajukuu ninaowalea. Kwa hiyo nimepata kuwa mpokeaji, na sasa ni mtoaji. Namjua mwalimu aingiaye darasani akakuta watoto wengi kuliko madawati, ilhali kanuni ya nchi yataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Namjua akeshaye na madaftari wakati jirani zake wamelala. Namjua agawaye chakula chake na mtoto aliyekuja shule bila ya kufungua kinywa. Kumshukuru mtu wa namna hii ni insafu, na jamii isiyomshukuru ina upungufu wa murua. Lakini inafaa tuikumbuke asili ya siku yenyewe. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, mkutano ulioitishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha pendekezo juu ya hadhi ya walimu, lenye kueleza mafunzo yao, haki zao, wajibu wao na malipo yanayowastahiki, na tangu 1994 siku hiyo imefanywa ukumbusho kwa ulimwengu mzima. Msingi wake, basi, ni hadhi ya mwalimu na haki yake kazini, na bahasha au kapu la mapambo halikutajwa. Mshahara wa mwalimu ni deni la mwajiri wake. Kuudai ni kazi ya chama chao, Chama cha Walimu Tanzania, kilichoundwa 1993 kwa ajili ya mambo hayo. Na mzazi anayedhani kwamba kwa mchango wake atafidia upungufu wa mshahara amejitwika mzigo usio wake, na huenda akampunguzia anayestahili kuubeba haya ya kutoubeba.

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na ada yao katika jambo hili kabla ya kuwako kamati na kabla ya kuwako simu. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani hakuwa na mshahara wa serikali. Riziki yake ilitoka katika shamba lake au kazi ya mkono wake, na katika vile alivyoletewa na wazazi wa watoto aliowafundisha alifu kwa kijiti na ubao. Mvuvi alipeleka kitoweo. Mkulima akapeleka nazi, mhogo au kikapu cha embe. Watoto wenyewe wakateka maji na kutafuta kuni. Na yule ambaye nyumbani kwao hakikuwamo kitu, mtoto wake alikaa jamvini pamoja na wenziwe akasoma. Mtoto alipokamilisha juzuu zote 30 za Msahafu, ndipo ilipofanywa hitima, na ndipo mzazi alipomkabidhi mwalimu alichojaliwa, akiwa nacho cha kanzu ni kanzu, akiwa nacho cha fedha ni fedha, na watu wakala wakamwombea dua mtoto na mwalimu wake. Katika ufundi ilikuwa vivyo hivyo: kijana aliyejifunza useremala, ushoni au uundaji wa vyombo vya bahari alimpa fundi wake kilemba siku aliyofuzu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezieleza desturi za Waswahili katika kitabu kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, hakuacha kumweka mwalimu wa chuo mahali pake katika maisha ya watu wetu.

Mimi siwaombei watoto wetu warudi katika kuteka maji na kukata kuni, kwa kuwa utumishi ule mara nyingine ulizidi kipimo na ukamla mtoto saa zake za kusoma. Lakini yapo mambo mawili katika ada ile ambayo yanafaa kuokotwa na kuwekwa mbele ya kamati zetu. La kwanza ni kwamba kila mtu alitoa katika alichokuwa nacho, na hapakuwa na mtu aliyesimama mlangoni kumlinganisha mwenye samaki na mwenye mbuzi. La pili ni kwamba hidaya kubwa ilikuja mwisho, kazi ikisha kuonekana, hata mwalimu akaipokea kwa uso mkunjufu, akijua kwamba ni malipo ya hisani aliyokwisha kuitenda wala si rehani ya upendeleo atakaotakiwa baadaye.

Sasa natuitazame desturi tuliyoizua wenyewe katika miaka hii michache. Katibu hutuma ujumbe katika kundi, kwamba kamati imekaa na kuafikiana kila mzazi atoe shilingi 20,000 kwa ajili ya zawadi ya mwalimu wa darasa; chini ya ujumbe huja orodha yenye nambari; na kila atumaye fedha, jina lake huandikwa, na kiasi chake mbele ya jina, na alama ya pata mbele ya kiasi. Orodha hiyo hunakiliwa ikarudishwa asubuhi, ikarudishwa adhuhuri, ikarudishwa baada ya isha, na kila inaporudi imeongezeka majina, mpaka wale wasiotoa hubaki wachache, wakijulikana mmoja mmoja kwa kutokuwamo. Kisha hufuata maneno: tunawakumbusha wale ambao bado, jamani tusiangushane, mwalimu wetu ametutendea mengi. Maneno hayo hayana tusi ndani yake, na waandishi wake ni watu wema. Lakini msomaji wake mmoja ni mama auzaye vitumbua Ngamiani hapa Tanga, ambaye shilingi 20,000 kwake ni vitumbua 200 vya shilingi mia mia, kabla hajatoa gharama ya mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa. Msomaji wake mwingine ni kijana wa bodaboda ambaye pikipiki si yake, na kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri ndipo ajue atakula nini. Mwingine ni mvuvi, ambaye bahari ikichafuka kwa siku tatu mfululizo hana cha kupeleka mnadani.

Watu hao hufanya nini? Nimewaona wakitenda mambo matatu, na yote matatu yanatuaibisha. Wako wanaokopa, na siku hizi mikopo iliyo karibu na mlango wa maskini ni ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, ambayo hutolewa kwa wepesi na kulipwa kwa uchungu; hata ikawa hidaya ya mwalimu, ambaye hakuiomba wala hana habari ya namna ilivyopatikana, inalipwa riba na mjane kwa wiki kadhaa. Wako wanaonyamaza, wakavumilia kusomwa kutokuwamo kwao na jirani, shemeji na wateja wao. Na wako wanaotoka katika kundi kimyakimya, na hawa ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu kundi lile lile la michango ndilo linalotangaza siku ya mkutano, tarehe ya mtihani, habari ya chanjo na ya basi la shule lililochelewa. Basi mzazi aliyekimbia aibu ya mchango huwa amekimbia pia habari za mtoto wake, na mwalimu humhesabu kuwa mzazi asiyejali.

Msidhani kwamba mambo haya huishia kwa watu wazima. Mtoto husikia, kwa kuwa simu za majumbani mwetu husomwa na kila mtu, na yale yanayozungumzwa na mama zao jioni huja shuleni asubuhi. Katika shule moja niliyopata kufundisha, ambayo sina haja ya kuitaja, siku ya kumkabidhi mwalimu zawadi watoto walipangwa mstari wa mbele na wa nyuma kwa kadiri ya michango ya wazazi wao, ati kwa sababu ya picha. Na binti mmoja mwerevu, aliyekuwa akimpenda mwalimu yule kupita kiasi, alisimama nyuma akaitazama migongo ya wenziwe mpaka shughuli ikaisha. Mwalimu mwenyewe hakulijua jambo lile ila siku nyingi baadaye, na alipolijua alilia. Naliandika hapa kwa sababu waliopanga mistari ile hawakuwa waovu. Walikuwa wamechoka, walitaka mambo yaende upesi, na orodha ilikuwa mkononi mwao.

Dini zetu, ambazo twajivunia kuzifuata, zimelisema jambo hili kwa uwazi. Mtume wetu aliwahimiza watu wapeane zawadi ili wapendane, na Qur'ani ikaipa fadhila sadaka apewayo fakiri kwa siri. Nayo Injili yasimulia habari ya mjane aliyetia sarafu mbili ndogo katika hazina ya hekalu, akahesabiwa kuwa ametoa kuliko matajiri wote. Na kabla ya mtoto wa Kiswahili kujua kusoma hufundishwa kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watu waliolelewa katika mafunzo haya, Waislamu kwa Wakristo, wanawezaje kuitangaza michango ya mwalimu kwa namna ambayo wangeiona aibu kuitangazia sadaka ya msikitini au ya kanisani?

Tena kuna amri za nchi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne, na shabaha yake ilikuwa mtoto asizuiwe elimu kwa sababu ya ufukara wa mzazi wake. Naam, mchango wa kamati ya wazazi si ada ya shule, na hakuna anayewakataza wazazi kumshukuru mwalimu kwa hiari yao. Lakini hiari yenye orodha, ukumbusho na lawama imekwisha kupoteza hiari yake, na tukiendelea hivi tutakuwa tumerudisha kwa mkono wa wazazi kile ambacho serikali ilikiondoa kwa mkono wake. Wala wenzangu wa shule za kulipia wasiseme kwamba haya hayawahusu kwa kuwa aliyeweza ada ameweza vyote. Wengi wao wamekwisha kuuza kiwanja au ng'ombe ili ada ile ipatikane, na kinachobaki mfukoni mwao hakionekani kwa kutazama sare ya mtoto.

Basi tufanye hesabu pamoja. Darasa la watoto 45, kila nyumba ikitoa shilingi 500, hupatikana shilingi 22,500. Ikitoa shilingi 1,000, hupatikana 45,000. Na darasa lenye watoto 90, ambalo katika shule zetu za serikali si ajabu, hupata kiasi hicho hicho cha 45,000 kwa shilingi 500 tu kwa kila nyumba. Kwa fedha hizo mwalimu wa kike hupata doti ya khanga njema yenye maneno ya shukrani, mwalimu wa kiume akapata kikoi, na hakuna mama aliyelala na deni. Kamati iseme tangu mwanzo kwamba kiasi hicho ndicho cha juu pia, si cha chini peke yake, maana mkiacha mlango wazi kwa wenye nacho watoe wapendavyo, mashindano yatarudi kwa njia ile ile mliyoyafukuzia. Aliye na wasaa na anayetaka kuongeza, na amwendee mtunza hazina kwa siri alipie nyumba tatu au nne zisizoweza, na thawabu yake iko kwa Mola wake; hiyo ndiyo ihsani ninayoijua mimi.

Katika kuchagua cha kununua, wasikilizeni walimu wenyewe. Mwalimu aliyekaa kazini miaka mingi ana kabati la bilauri na chupa za chai ambazo hajapata kuzitumia, kwa kuwa kila kamati hufikiri kwamba wazo hilo ni lake. Wala msimpe chaki, rula, rimu za karatasi na kalamu nyekundu mkaviita hidaya; hivyo ni vyombo vya kazi, ni juu ya shule kumpa, na mtu hawezi kwenda navyo nyumbani akafurahi na wanawe. Khanga na kikoi hutumika mpaka vikachakaa. Kitabu kizuri cha Kiswahili, kilichoandikwa majina ya watoto katika ukurasa wa kwanza, hubaki baada ya khanga kuchakaa. Na mwezi wa Desemba, embe zinapoiva huku kwetu, kapu moja lililokusanywa embe mbili mbili kutoka nyumba zenye miti, na nazi kutoka nyumba nyingine, na unga au mchele wa kibaba kutoka nyingine, ni hidaya ambayo mwalimu ataila na jamaa yake siku ya sikukuu, na ambayo hakuna awezaye kuikadiria bei kwa kila mtoaji, kwa sababu vitu vimekwisha kuchanganyika kapuni.

Lakini kinachomaliza fedha za wazazi mara nyingi si hidaya yenyewe. Ni sare ya siku hiyo, na maputo, na keki ya ghorofa, na mshereheshaji, na mpiga picha wa mnato na mwendo, hata ukipiga hesabu ukaona kwamba nusu ya michango imekwenda kwa watu ambao hawajapata kumfundisha mtoto hata herufi moja. Nawasihi muyaondoe hayo yote. Saa moja baada ya vipindi, darasani, watoto waimbe walichofundishwa, mmoja wao aseme neno, hidaya ikabidhiwe, watu waende zao.

Na kipo kitu kimoja kisichonunuliwa dukani ambacho ningependa kila kamati ikifanye hata kama haitafanya kingine chochote. Chukueni daftari kubwa, au karatasi zilizoshonwa kwa uzi na kutiwa jalada gumu, kila mtoto apewe ukurasa mmoja amwandikie mwalimu wake. Msiwatungie watoto maneno, wala msiwanakilishe barua moja wote, kwa kuwa mwalimu huzijua sauti za wanafunzi wake kama mchungaji azijuavyo kengele za mbuzi wake, na sauti ya kuazima haitamfurahisha. Mwulizeni mtoto maswali mepesi: ni siku gani mwalimu alikusaidia? Ni jambo gani ulikuwa hulijui mwaka jana na sasa walijua? Alikucheka ulipokosea, au alikuvumilia? Mtoto ataandika kwamba alikuwa haijui hesabu ya kukopa, na mwalimu akamwonyesha kwa vifuniko vya chupa. Kwamba siku aliyougua homa mwalimu alimfunika kwa mtandio wake mpaka mama yake akaja. Kwamba sasa aweza kumsomea bibi yake barua. Aliye mdogo asiyejua kuandika na achore. Wazazi nao waongeze mwishoni ukurasa mmoja, si wa sifa za jumla ambazo mtu yeyote angeweza kuambiwa, bali wa mambo waliyoyaona nyumbani: huyu alikuwa akilia kwenda shule, na sasa hutuamsha yeye. Mimi ninazo karatasi za namna hiyo sandukuni, nyingine wino umefifia, na waandishi wake leo ni watu wenye familia zao. Khanga na vyombo nilivyopewa miaka ile sijui vilikwenda wapi. Gharama ya kitabu hicho ni daftari, gundi na uzi, na mtoto wa muuza vitumbua aweza kuandika ndani yake ukurasa uliozipita zote kwa uzuri.

Niseme pia juu ya hidaya za faragha, ambazo hazipiti katika kamati. Mzazi mwenye uwezo anapompelekea mwalimu bahasha nene au simu mpya wiki moja kabla ya mtihani au ya kupanga mikondo, jambo hilo lina jina lingine, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humshika mtoaji pamoja na mpokeaji. Mwalimu mnyofu huona dhiki kubwa hapo: akikataa atasemwa kuwa ana kiburi, akikubali atakuwa ameifunga mikono yake mwenyewe. Hidaya ndogo ya darasa zima, iliyotolewa mbele ya watu, baada ya alama kutangazwa, humwokoa na dhiki hiyo, kwa kuwa hana wa kumpendelea pale ambapo wote wametoa na hajui nani katoa nini. Kwa ajili hiyo kamati na iwaombe wazazi wote, wenye nacho na wasio nacho, shukrani zao zipitie mlango mmoja.

Msiwasahau, nawaombeni, wale ambao jumbe za michango haziwataji. Mwalimu wa darasa hukumbukwa. Mwalimu wa somo moja, aliyeingia vipindi vitatu kwa wiki na kuinyosha hesabu ya watoto, hupitwa. Mpishi wa uji, mlinzi wa lango avushaye watoto barabara, mama afagiaye madarasa na vyoo, nao wana fungu katika malezi ya watoto wetu, na doti moja ya khanga kwa mama yule huenda ikawa ndiyo hidaya pekee aliyopata katika utumishi wake wote. Na kuhusu sikukuu, katika mji kama Tanga ambamo darasa moja lina watoto wa msikitini na wa kanisani, heri kila mwalimu akumbukwe katika sikukuu yake, kwa kiasi kile kile, na wazazi wote wakichanga pamoja bila ya kuulizana dini.

Watunza hazina, neno langu kwenu ni fupi. Fedha zinazotumwa katika simu yenu ni amana. Tangazeni jumla iliyopatikana, vitu vilivyonunuliwa na bei zake, na salio, stakabadhi zionekane, salio lirudi kwa watoto. Hayo wazazi wana haki ya kuyajua. Nani katoa na nani hakutoa, hawana haki ya kuyajua, na ninyi mnayajua kwa sababu ya kazi tu, kama mganga ajuavyo maradhi ya watu.

Wakuu wa shule nao, ambao najua barua hii itawafikia, nawaomba wasipeleke kwenye kamati orodha ya vitu vinavyotamaniwa na walimu, wala wasikubali shughuli ya kukabidhi igeuzwe kuwa siku ya kupanga watoto kwa mifuko ya wazazi wao. Heshima ya mwalimu haipimwi kwa vitu: Mwalimu Nyerere, aliyeacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, aliendelea kuitwa Mwalimu hata alipokuwa mkuu wa nchi, na hilo lilikuwa jina la heshima lisilomgharimu raia yeyote senti moja.

Bado zimesalia siku kabla ya tarehe 5 Oktoba. Jumbe za michango hazijatumwa, au zimetumwa na zaweza kurekebishwa. Kwa hiyo nawasihi, waheshimiwa, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, mkae tena kidogo, mmfikirie mzazi mmoja mnayemjua katika kundi lenu ambaye hali yake ni nzito kuliko ya wengine wote, mkadirie kiasi ambacho yeye ataweza kukitoa bila ya kukopa na bila ya kuinamisha uso, na kiasi hicho ndicho kiwe cha darasa zima. Orodha ya majina ifuteni. Daftari la barua za watoto lianzeni wiki hii, kwa kuwa watoto huandika polepole.

Wenu katika malezi,

Mwalimu mstaafu na mlezi wa wanafunzi,
Tanga